Kwa Nini Mbuzi Hunusa Kabla ya Kunyonyesha

Kabla mbuzi hawajajifunza kutambua, hakukuwa na mtoto wa huyu wala wa yule. Wote walikuwa watoto wa zizi. Mchana mama zao walikwenda malishoni na wadogo wakabaki wamefungiwa kizimbani, kama ilivyo hata leo. Jioni mlango ulipofunguliwa, wadogo walitoka mbio, kila mmoja akadaka chuchu ya kwanza aliyokutana nayo. Mama alisimama tu akicheua. Hakugeuza kichwa kuangalia nani ananyonya. Ageuze kwa nini? Maziwa yalikuwapo, na kila mtoto alishiba.

Kisha mvua zikakoma. Majani yakaisha, yakafuata magome. Maziwa ya zizi zima yakapungua, na wenye nguvu ndio waliofika kwanza.

Katika ukame huo mbuzi mmoja aliyeitwa Mabaka alizaa mtoto jike, miguu ya nyuma imelegea. Alimlamba, akamwona anasimama kwa shida. Kesho yake akaenda malishoni na wenzake, kwa sababu mbuzi asiyekula hana maziwa. Alitembea mbali kuliko wote, akala mpaka miiba. Jioni alisimama mlangoni mwa kizimba, akahisi vinywa vinamvuta, akaridhika. Aliamini kimojawapo ni cha mwanawe.

Lakini siku zilivyopita moyo ukaanza kumsumbua. Akamuuliza Bibi Kibogoyo, mbuzi mzee kuliko wote pale zizini.

"Bibi, hivi wangu anashiba kweli?"

"Wako yupi?" Bibi Kibogoyo akacheka. "Jamani, njooni msikie! Mabaka ana mtoto wake peke yake!"

"Hebu tuambie, mama mwenye mtoto," mwingine akadakia, "wako ana kwato za dhahabu?"

"Ana miguu dhaifu," Mabaka alisema. "Naogopa hafiki kwenye maziwa."

"Jioni unanyonywa, hunyonywi?" Bibi Kibogoyo akauliza.

"Nanyonywa."

"Basi nyamaza, mwanangu. Tukianza kuulizana huyu wa nani, kesho tutauana."

Mabaka aliona aibu. Jioni ile alisimama mlangoni kama kawaida, akawaacha wadogo wamnyonye mpaka tone la mwisho. Hakugeuza kichwa.

Asubuhi mwanambuzi mmoja alikutwa amekufa ndani ya kizimba, kwenye kona iliyo mbali na mlango. Mama wote wakapita kumtazama, na kila mmoja akasema hamjui. Mabaka naye alimtazama. Njaa ilikuwa imemkausha, vumbi limefunika rangi yake, na miguu ya maiti haionyeshi kama ilikuwa dhaifu au mizima.

"Simjui," Mabaka alisema, akaondoka.

Alipofika mlangoni akarudi. Akainamisha pua chini ya mkia wa yule mtoto. Pale, chini ya vumbi, palikuwa na harufu ya tumbo lake mwenyewe. Akamlamba kama alivyomlamba siku ya kwanza, akaendelea kumlamba, na mtoto hakusimama.

"Ndiye," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Hivyo ndivyo mbuzi walivyojua kutambua. Macho walikuwa nayo, na pua walikuwa nazo tangu mwanzo. Walikosa tu sababu ya kuzitumia, na sababu ilipokuja ilikuwa imeshachelewa.

Jioni wadogo walipomkimbilia Mabaka, alimnusa wa kwanza, akampiga kwa pembe. Akamnusa wa pili, akampiga. Akawanusa wote. Maziwa yalimjaa mpaka yakamuuma, wala hakumpa yeyote. Wenzake walipoona hivyo wakaingiwa na hofu, kila mmoja akaanza kumnusa anayemjia.

"Na wasio na mama?" Bibi Kibogoyo alipiga kelele. "Jamani, na wasio na mama?"

Kila mmoja alikuwa akimtafuta wake.

Na tangu siku hiyo mbuzi hampi mtoto ziwa kabla ya kumnusa mkiani. Aliye wake humwachia anyonye. Asiye wake humsukuma kwa pembe, hata kama maziwa yanamdondoka. Watu husema mbuzi ana roho mbaya. Hana, anaogopa. Na zizini mama mmoja akifa, mtoto wake hutoka jioni pamoja na wengine, akapita kwa huyu, akapita kwa yule. Wote humnusa kwa makini, na wote humgeuzia mgongo.