Kwa Nini Pindo la Mfarishi Huachwa Wazi

Miaka hiyo ninayoisema, hapa Kilimandege hapakuwa na mlango wa mbao hata mmoja, na ukungu uliingia nyumbani mwa watu bila kupiga hodi. Ulishuka kutoka kileleni alfajiri, ukalala uwanjani mpaka jua lipande, na katika miezi ya kipupwe haukuondoka kabisa. Mtoto mchanga aliyezaliwa wakati huo alikuwa na kinga moja tu, nayo ni mfarishi: tandiko la viraka, tabaka mbili, katikati limejazwa sufi, kisha likadungwadungwa kwa uzi ili sufi isikimbilie pembeni.

Mfarishi wa mtoto ulikuwa kazi ya mtu mmoja. Bibi mzaa mama aliukata, akaupanga, akaushona tangu tundu la kwanza hadi fundo la mwisho, na hakuna mwanamke mwingine aliyeruhusiwa kutia sindano yake humo, hata awe dada yake wa tumbo moja. Wazee walisema kwamba mikono miwili ikishona usingizi mmoja, mtoto atalala huku anaamka. Walisema pia kwamba mtoto hafunikwi mfarishi ambao pindo lake halijafungwa, kwa kuwa mdomo ulio wazi humeza pumzi. Nani aliwahi kuyaona hayo yakitokea? Hakuna. Lakini jambo likishasemwa na marehemu, utambishia wapi?

Basi palikuwa na mjane akiitwa Namkunda. Huyu hakushona ili auze. Alishona kwa sababu mikono ilimwasha ikikaa bila sindano. Akipita kwa mtu na kuona kanga imechakaa, macho yake yalikuwa yameshaikata vipande kabla hajasalimia. Mishono yake ilikuwa midogo, ikifuatana kama siafu njiani, na ikishaingia kitambaani haikufumuka. Hilo hata waliomwonea wivu walilikubali.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakumaliza. Nyumbani kwake kulikuwa na vikapu vinne, na katika kila kikapu mfarishi mmoja au miwili iliyoachwa njiani. Kulikuwa na wa vitambaa vya kaniki na merikani aliomwanzia kaka yake, na kaka alishapitisha misimu mitatu ya mvua akiusubiri. Kulikuwa na ule wa mashati ya marehemu mumewe, uliokosa viraka viwili. Ukimuuliza, alikujibu kwa sauti ya upole, "Limebaki pindo tu." Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka kijiji kikalichukua. Mtu akijenga nyumba akashindwa kuezeka, wenzake walicheka, "Limebaki pindo tu."

Lakini waliocheka walisahau Namkunda alianza lini kuwa hivyo. Miaka mitatu nyuma, binti yake Nakiete alipobeba mimba ya kwanza, Namkunda alishona mfarishi wa manjano na wekundu, akaumaliza miezi miwili kabla ya siku. Akaukunja, akauweka juu ya dari, akawa anaushusha kuwaonyesha wageni. Mtoto alizaliwa hana pumzi. Alizikwa ndani ya mfarishi ule, na katika msiba mama mmoja, bila nia mbaya, alinong'ona, "Aliwahi mno kuumaliza." Namkunda alilisikia. Tangu hapo, kila alipokaribia pindo la mwisho, vidole vilikufa ganzi. Aliweka kando, akatafuta vitambaa vingine, akaanza upya, kwa maana katika kuanza hakuna kaburi.

Nakiete alipobeba mimba ya pili, watu walifurahi. Namkunda naye alisema amefurahi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye aliona unyasi kila mahali. Binti akikohoa, alishtuka. Binti akinyamaza, alishtuka zaidi. Akamhesabia miezi kwa mafundo ya uzi, kisha akahofu kwamba amekosea, akayafungua yote, akayahesabu tena.

Mfarishi aliuanza, kwa kuwa hapakuwa na budi. Aliuanza kwa kitambaa cha kijani na vipande vya kanga nyeupe. Na hapo ndipo tabu ilipoanza. Akiumaliza mapema, yatakuwa yale yale. Asipoumaliza, mtoto atazaliwa kipupwe hana cha kufunikwa, na kosa litakuwa lake tena. Alikaa katikati ya hofu hizo mbili, akishona shubiri moja na kusimama siku mbili.

Nakiete alimjua mama yake. Siku moja alikuja na tumbo lake, akaketi mlangoni, akautazama mfarishi uliolala mkekani umefungwa pande mbili.

"Mama, huu nao utabaki pindo?"

"Utakwisha kwa wakati wake, mwanangu."

"Wakati wake ni lini?"

Namkunda alisema kwamba mwezi mmoja na siku kadhaa zimebaki, na kwamba atafunga upande wa tatu wiki ile, na wa nne siku ile ile mtoto atakapofika, wala si kabla. Alikuwa amepiga hesabu yake kama mtu anayepenya kati ya miiba miwili. Nakiete hakucheka wala hakumlaumu. Alimshika mkono tu, naye hofu ikamwingia, kwa sababu mtu mzima akiogopa, mdogo atajiegemeza wapi?

Hesabu ya binadamu ina mwenyewe. Siku ya nne baada ya hapo, mchana, ukungu ukiwa bado uwanjani, Namkunda alikuwa ameketi kizingitini penye mwanga, miguu ameinyoosha, mfarishi umelala mapajani. Upande wa tatu ulikuwa umefungwa tangu jana, nao wa nne alikuwa hajaugusa. Alikuwa akidungadunga katikati, pale palipolegea. Nambua, wifi yake Nakiete, alitokea njiani anahema.

"Mama, uchungu umemshika. Bi Namwai ameshaingia."

"Mwezi haujatimia."

"Haujatimia. Lakini amesema uje."

Bi Namwai alikuwa mkunga, na ndiye pia aliyeshika miiko yote ya wanawake wa Kilimandege. Kwake neno la wazee lilikuwa neno. Namkunda alimjibu Nambua kwamba anakuja, anakuja sasa hivi, anamaliza safu hii tu. Hakwenda. Alishona. Alishona mbiombio, bila kutazama, sindano ikizama na kuibuka, kichwani anajiambia kwamba kila tundu ni pumzi moja ya mtoto. Haraka haraka haina baraka, na hapo haikuwa nayo hata chembe. Alipokwisha safu akakata uzi kwa meno, akasimama. Mfarishi ukasimama naye.

Wenye kushona mnajua nini kilichotokea. Sindano ilikuwa imepita tabaka mbili za mfarishi, ikachukua na ya tatu, nayo ni kanga aliyojifunga kiunoni. Safu nzima, kutoka paja la kulia hadi la kushoto, ilikuwa imemshona yeye na kazi yake. Akavuta. Haikuachia. Akatafuta mwanzo wa uzi ili afumue, na mishono yake ile midogo, fahari yake ya miaka yote, haikumpa hata nafasi ya kupenyeza ukucha. Nambua alitaka kucheka, akauona uso wa mama yule, akameza kicheko chake.

Wakashuka njiani hivyo hivyo. Namkunda aliukusanya mfarishi mikononi, upande wa wazi ukitoka sufi nyepesi iliyobaki nyuma yao juu ya nyasi. Waliokutana nao hawakusalimia. Walijua anakwenda wapi, na waliona anakwenda na kitu ambacho hakijakwisha.

Walipofika, mtoto alikuwa ameshatoka. Alikuwa wa kike, mdogo kama kiganja na nusu, na rangi yake haikuwa rangi. Bi Namwai alikuwa amemsugua, amempulizia, amemsugua tena. Mtoto alitoa sauti moja nyembamba, akanyamaza. Nakiete alilala kitandani ameukazia macho mlango, hakumwangalia mtoto. Alimwangalia mama yake.

"Baridi inamchukua," alisema Bi Namwai. "Huo mfarishi umekwisha?"

Namkunda alifungua kinywa. Lile neno lake la kila siku lilimjia ulimini, akaogopa kulisema.

"Haujaisha," Nambua akamjibia. "Na umeshonwa pamoja na nguo yake. Niwapatie kisu?"

Kutafuta kisu, kukata, kuufunga upande wa nne, yote hayo yalitaka muda, na mtoto hakuwa nao. Bi Namwai alitazama ule mdomo uliokuwa wazi, sufi ikichungulia, na mikono yake iliyomkumbatia mtoto haikusogea. Kwa miaka arubaini aliwakataza wanawake jambo hilo hilo. Namkunda aliiona shaka yake. Akaona pia midomo ya mtoto. Hofu aliyokuwa nayo miaka mitatu haikumwondoka, msidhani ilimwondoka. Ilikuwepo yote. Ila aliketi nayo chini, sakafuni, mgongo ukutani, akanyoosha miguu.

"Mleteni hapa."

"Haujafungwa, Namkunda."

"Najua haujafungwa. Mleteni."

Bi Namwai akaleta. Wakamlaza mtoto uchi juu ya tumbo la bibi yake, na Namkunda akamgeuzia mfarishi juu, ule ule uliomshika mapajani, akamzungushia mikono yote miwili. Mtoto alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Upepo ulipita chini ya mlango wa matete ukaingia upande uliokuwa wazi, na Namkunda aliuhisi ukipita kati ya tabaka mbili, ukiitoa sufi nje kidogo kidogo. Akiachia mkono mmoja ashone, mtoto atateleza. Asiposhona, joto litatoka lote. Machozi yalimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Sindano iko kwenye pindo la kanga yangu," alisema. "Sina mkono."

Hakuna aliyesogea. Ulikuwa mfarishi wa bibi mzaa mama, na mwiko ni mwiko. Kisha Bi Namwai, ambaye macho yake hayakuwa yakiona tundu la sindano tena, alipiga magoti kwa taabu, akaichomoa sindano pale ilipokuwa, akampa Nambua.

"Nitilie uzi," alisema. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Akashona. Mishono yake ilikuwa mikubwa, imekaa upogo kama meno ya mbuzi mzee, na ingekuwa siku nyingine Namkunda angeumwa na kichwa kuitazama. Alipochoka akampa Nambua, naye Nambua akashona shubiri yake, hodari kwa kasi, mzembe kwa mstari. Ikabaki kona. Nakiete akanyoosha mkono kutoka kitandani, wakamsogezea Namkunda karibu, mtoto na mfarishi wote pamoja, nusura na ukuta. Nakiete alishona tundu tatu tu, akafunga fundo, kichwa kikaanguka juu ya mto wa kulalia.

Wakakaa. Bi Namwai aliweka sikio juu ya viraka akasikiliza, akainuka, akasikiliza tena. Namkunda alihesabu pumzi zilizomgusa kifuani, na kila moja ilipokwisha alingoja inayofuata kwa hofu ile ile, hakuzoea. Jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya ukungu mtoto alipopiga mguu. Baadaye kidogo alilia, kilio cha hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa. Nakiete naye akalia. Bi Namwai alikwenda nje.

Aliporudi alikuwa na kisu. Hakujaribu kufumua mishono, alijua ya nani. Aliikata kanga ya Namkunda kuizunguka ile safu, kipande cha upana wa viganja viwili, kikabaki kimeshonwa chini ya mfarishi. Namkunda akaenda nyumbani na tundu mapajani, na mtoto akabaki na kiraka ambacho hakikuwa katika hesabu.

Wazee walipouliza kuhusu mwiko, Bi Namwai aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyeuvunja, na mwenye swali aende akamsikilize mtoto akilia. Walikwenda. Alikuwa analia vizuri.

Na tangu siku hiyo, bibi mzaa mama wa Kilimandege hushona mfarishi pande tatu, akauacha wa nne wazi mpaka mtoto alie. Wanawake wanaokuja kumwona mzazi hupokewa kwa sindano kabla ya uji, na kila mmoja hutia mishono yake, iliyonyooka na iliyopinda, wala hakuna anayefumua ya mwenzake. Kisha bibi hukata kipande cha kanga aliyoivaa, kikashonwa kwa chini. Ndiyo maana ukikutana njiani na mwanamke wa huko mwenye tundu mapajani, huulizi amechanikia wapi. Unamuuliza mtoto amepewa jina gani.