Mwondoe Masikioni Mwangu

Kaeni. Na ninyi wa nyuma kaeni, viti vipo.

Leo siwaletei mkulima wala mpanzi. Mkulima mmemsikia mpaka mnanimalizia hadithi yake kabla sijafika. Leo nawaletea bendi. Naam, bendi ya magitaa, tena ya roki, tena humu humu kanisani. Mzee wa kanisa ananikazia macho. Aendelee, macho ni yake. Na niwaambie mapema: mfano huu nimeutunga mwenyewe, msihangaike kuutafuta kwenye simu zenu.

Kulikuwa na vijana wanne huko Wales. Wales ni nchi ndogo ya milima na mvua, imejibana ubavuni mwa Uingereza, na watu wake wana lugha yao ambayo Mwingereza akiisikia anabaki kutoa macho. Vijana hao walipiga ile roki ya watu wakaidi, isiyotaka kufanana na inayopigwa redioni kila siku. Mmoja aliimba, mmoja alipiga gitaa la solo, mmoja besi, mmoja dramu. Mazoezi walifanyia katika kanisa lililokosa waumini. Ndiyo, makanisa hukosa watu, msijidanganye. Walikuwa na spika moja tu, mbovu, wakaizunguka kama watu wanavyozunguka jiko la mkaa wakati wa baridi.

Mwimbaji na mpiga gitaa walikuwa zaidi ya marafiki. Mpiga gitaa alifiwa na baba yake machimboni angali mdogo, na mama yake mwimbaji akamchukua akamlea. Wakala sahani moja, wakalala kitanda kimoja, wakachapwa kwa fimbo moja. Kijijini waliitwa mapacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu kama mlingoti na mwenzake kisiki.

Milango ikafunguka. Wimbo wa kwanza ukapendwa, wa pili ukapendwa zaidi, viwanja vya mpira vikaanza kujaa. Wakapewa basi lao, mpishi wao, na fundi mitambo wao. Fundi huyo akaja na vidude vidogo vya kuvaa masikioni, vinavyozuia kelele za nje na kukuletea sauti za jukwaani. Kila mmoja anavaa vyake, na kila mmoja anachagua atakachosikia. Hapo nisikilizeni vizuri. Kwenye jukwaa kubwa, watu wanaopiga pamoja hawasikii kitu kimoja! Kila mtu ana bendi yake masikioni, kama alivyoiagiza.

Mnadhani waliagiza nini?

"Fundi, niongeze mimi."

"Na mimi niongeze. Hiyo dramu ishushe, inanigonga kichwani."

"Huyu wa besi ananguruma kama tumbo la njaa. Mpunguze, bwana."

Fundi akapandisha, akashusha. Yeye alilipwa afanye anachoambiwa. Na nje, watu uwanjani wakasikia muziki mtamu, kwa sababu nje fundi aliwachanganya wote sawasawa. Uozo ulikuwa ndani ya masikio, na sikio la mtu nani anaweza kulichungulia?

Sasa siku moja, mchana, wanakula nyuma ya jukwaa, mpiga gitaa akasema ubeti wa tatu wa wimbo fulani ni mrefu, ukatwe.

"Haukatwi," akasema mwimbaji.

"Watu wanachoka."

"Umechoka wewe."

"Mimi nakwambia ukweli, kaka."

Neno dogo kabisa. Lakini mwimbaji alikuwa na kichwa kilichojaa makofi ya watu. Akasukuma sahani, akasema mbele ya wote, "Wewe ndiye wa kunifundisha mimi? Ulikuja kwetu huna hata soksi. Aliyekulisha ni mama yangu!"

Mpishi aliacha kukoroga. Mpiga dramu aliinamia chakula chake kana kwamba kimeandikwa kitu.

Mpiga gitaa akainuka taratibu. "Kweli, nililishwa," akasema. "Na leo umenitapisha."

Mnajua masimango, ninyi. Hakuna asiyeyajua humu. Kofi linapoa, simango halipoi.

Mpiga gitaa akaenda moja kwa moja kwa fundi mitambo. "Mwimbaji mwondoe masikioni mwangu."

"Nimpunguze?"

"Umesikia nimesema kupunguza?"

"Sasa utajuaje amemaliza ubeti?"

"Nitafuata dramu. Mwondoe."

Fundi akamwondoa. Msimu mzima wa maonyesho ukaenda hivyo. Mwimbaji anaimba mpaka mishipa ya shingo inasimama, na ndugu yake, hatua chache pembeni, hasikii hata pumzi. Kazi kutazama mdomo unafunguka na kufumbika kama wa samaki. Na watu wanapiga makofi! Wanasema, "Jamani, tazama wale wawili wanavyopatana." Haya, niambieni: humu ndani ni wangapi wanaopigiwa makofi ya namna hiyo?

Wakarudi nyumbani Wales kufunga msimu. Uwanja umejaa, manyunyu yanaanguka, akina mama wa kijijini wamekaa mbele. Mwimbaji alikuwa halali vizuri tangu siku ile ya simango. Alikuwa akijiambia: bendi ikifa na ife, lakini yule ni ndugu yangu, bila yeye nyumbani kwetu hakuna nyumba. Kabla ya wimbo wa mwisho akamgeukia, akazungumza kwenye maiki kwa lugha yao ya nyumbani.

"Ndugu yangu, nilikusimanga. Chakula kile kilikuwa chako kama kilivyokuwa changu. Mbele ya watu hawa wote nakuomba unisamehe. Kama umenisamehe, usipige kitu. Njoo hapa tu."

Akina mama wakashika vinywa.

Mpiga gitaa akaona nini? Aliona mdomo unacheza. Masikioni mwake kulikuwa na dramu inayogongwa polepole na gitaa lake mwenyewe, basi. Akaona watu maelfu wanamkodolea yeye. Moyo ukamwambia: anakutangaza. Anawaambia habari za soksi.

Mpiga besi, aliyesikia kila neno, akamwashiria kwa kichwa, haraka haraka: nenda, nenda kwake! Mpiga gitaa akaelewa: anza.

Akaanza. Akalipiga gitaa lile kwa hasira ya msimu mzima, sauti ikapasua uwanja.

Mwimbaji akasimama pale mkono wake ukiwa umenyooshwa. Hilo ndilo jibu alilopata mbele ya nchi yake. Akaiweka maiki chini, pole pole, kama mtu anayeweka yai, akashuka jukwaani.

Dramu ikakatika. Mpiga besi akamrukia mpiga gitaa, akakivuta kile kidude sikioni.

"Umesikia alichokwambia?"

"Kasema nini?"

Akaambiwa. Alitupa gitaa akakimbia nje, akakuta gari la mwimbaji limeshaondoka.

Najua mtakachoniuliza. Si angempigia simu amweleze? Alipiga. Na yule alipokea.

"Kaka, sikukusikia. Nakuapia. Nilikuwa nimekuondoa masikioni."

"Leo?" akauliza mwimbaji.

Mpiga gitaa angeweza kusema "leo." Hakudanganya. "Tangu siku ile."

"Kwa hiyo nyimbo zote zile, miji yote ile, nilikuwa naimba peke yangu?"

Simu ikakatwa, na bendi ikaishia hapo. Magazeti yakaandika eti walitofautiana kuhusu muziki.

Wapendwa, sisi tunapenda kuuliza nani alianza. Aliyesimanga alikosa, nami simtetei. Tena nitamwongezea: ulitukana mezani, ukaenda kuomba radhi kwenye spika za uwanja? Mlango wa mwenzako hauna pa kubisha? Lakini na huyu wa pili asinililie hapa. Mtu ukimwondoa masikioni, humwondolei matusi tu. Unamwondolea na toba yake. Siku atakayosema "nisamehe" utaona mdomo tu unacheza, na utamjibu kwa gitaa.

Sisi tumeondoana. Yuko baba anayekaa meza moja na mkewe, na mama akifungua kinywa tu, baba anasikia kelele za mvua kwenye bati. Wako ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule, na wote wawili wananiletea maombi: "Mwinjilisti, mwombee mwenzangu abadilike." Atabadilikaje, na akibadilika utajua kwa njia gani? Namba yake si umeizuia kwenye simu? Usiinamishe kichwa, inua, nazungumza nawe. Na kwaya yetu hii, sauti ya kwanza na besi hawasalimiani tangu Pasaka, na asubuhi ya leo mmeimba vizuri kweli. Nyote mlipiga makofi.

Mimi mwisho wangu ni hapa. Sitafunga kwa sala, maana kuna watu humu watasema amina ili mambo yaishe. Yule mtu yumo kwenye benchi hizi, au yuko nyumbani anachambua maharage. Unamjua. Nenda kwake sasa hivi, mwambie, "Sema, nasikia," halafu ufunge mdomo mpaka amalize. Akikutukana, bado amezungumza nawe.

Milango iko wazi. Sadaka itasubiri.

Kwaya, kaeni chini. Hakuna wimbo.