Mfuniko wa Pipa la Yoeli

Mtu mmoja alikuwa na mistari sita ya mizabibu nyuma ya nyumba yake, katika nchi kavu ya Dodoma. Jina lake Yoeli. Miaka yote aliuza zabibu mbichi kwa wenye malori, wala hakuwahi kutengeneza divai hata chupa moja. Mwaka ule kasisi akamwomba atengeneze divai ya Ushirika Mtakatifu kwa ajili ya Krismasi, ili kanisa linywe tunda la shamba la mmoja wao. Yoeli akalia. Machozi yale nayakumbuka, na nasema yalikuwa ya kweli.

Bwana shamba akaja kumfundisha. Zabibu zikachumwa, zikapondwa kwa mikono iliyooshwa, zikaachwa zichachuke chini ya kitambaa safi mpaka povu likatulia. Kisha maji yake yakachujwa, yakajazwa kwenye pipa hadi shingoni. Mfuniko ukatobolewa tundu la mrija mwembamba, na ncha ya mrija ikazamishwa kwenye chupa ya maji, ili pumzi ya divai itoke na hewa ya nje isiingie. Akaagiza jambo moja tu, kwamba pipa lisifunguliwe mpaka siku yake. Mama yake Yoeli, Bibi Damari, ambaye kabla ya ubatizo alikuwa mpika pombe wa kusifika, akaufunga mfuniko kwa kamba ya katani, mafundo mawili, akaenda zake bila neno.

Wiki ya kwanza Yoeli alitii. Wiki ya pili akaja mwenyekiti wa kwaya. "Ndugu Yoeli, wenzio tunamtolea Bwana kuku, wewe unampikia divai! Hebu tuone." Yoeli akafungua mafundo, akachota kidogo kwa kata, wakanusa wote wawili, wakasifu. Kesho yake wakaja wawili. Mwingine akacheka akasema, "Siku hiyo mimi napanga foleni mara mbili, kasisi asinijue." Baadaye Yoeli hakungoja kuombwa. Apitaye njiani aliitwa, "Karibu, karibu unuse kazi ya Bwana!" Kamba ikapotea, mrija ukatupwa pembeni kwa sababu ulisumbua kufungua. Vijinzi vidogo vikaanza kuzunguka pipa. Harufu ikaanza kuchoma pua, na Yoeli akafurahi, akidhani divai inapata nguvu.

Krismasi ikafika. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Kasisi akakibariki kikombe, akanywa wa kwanza kama ilivyo desturi. Tulimwona akifumba macho. Tulimwona koo likikataa, kisha likakubali. Yoeli, aliyepiga magoti mbele kabisa na koti jipya, alidhani mtumishi amezidiwa na Roho. Lakini kilichokwisha kubarikiwa hakimwagwi, na kasisi akashuka nacho kwa waumini.

Wa kwanza kupokea, kwa heshima ya umri, alikuwa Bibi Damari. Akanywa. Masikio yake yalikuwa mazito, naye hakujua tena kunong'ona, basi kanisa lote likasikia:

"Yoeli mwanangu, hii ndiyo waliyompa msalabani."

Ndugu zangu! Mtoto aliyekuwa akilia aliacha. Siki! Siku ya kuzaliwa kwake Mwokozi tulimletea siki, tena katika kikombe cha fedha, tena kwa nyimbo. Na tukainywa, mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa imebarikiwa. Ilipofika zamu ya Yoeli, kikombe kiligonga meno yake mpaka tukasikia.

Sasa nikiri. Siku ya tatu ya wageni, aliyekuja nilikuwa mimi. Kamba bado ilikuwapo, na Yoeli alisitasita, nami nikamwambia, "Kwani mimi si wa nyumbani? Nifungulie na mimi." Niliinama, nikanusa, nikamsifu sana. Nilirudi kwangu nimefurahi, nikidhani nimemtia moyo ndugu. Na kanisani, wengine walipomtazama Yoeli kwa macho makali, mimi nilitazama sakafu, maana nililijua fundo lile lilikuwa gumu namna gani kufunguka.

Sala ya mtu ni pipa lile. Sadaka yake ni pipa lile, na mfungo wake, na machozi yake ya kwanza. Pumzi yake na ipande kwa Mungu kimyakimya, mfuniko ukae. Sisi tunaujua wimbo wa kumhukumu Yoeli. Lakini nawauliza, na ninajiuliza kwanza: ni nani aliyeichachisha divai ile, ni yeye aliyefungua, au ni sisi tuliokuja kunusa?