Njia ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa shamba la pembe tatu. Na wewe huko nyuma usisinzie, ngano yenyewe fupi.

Hapo zamani za kale alikuwapo Mama Ngiri na wanawe wawili, Chonge na Kishungi. Upande mmoja wa shamba lao ulikuwa mto. Nyumba ya Mama ilikuwa kwenye pembe inayoutazama mto. Pande mbili zilizobaki zilitaka ua wa miiba.

Kishungi akawahi: "Mimi ule mfupi, Mama!"

Chonge hakuteta. Akajenga ua wa hatua mia sita. Kishungi akajenga mia nne, akalala.

Siku ya kugawa shamba, Mama akapima hatua kumi kwenye kila ua kutoka mlangoni. Akachomeka vijiti viwili, akavuta kamba kati yake, akaikunja kupata nusu. Kupitia hapo akanyoosha njia ya vigingi mpaka mtoni.

"Huku kwa Chonge, huku kwa Kishungi."

Kishungi akapima ukingo wa mto. Chonge mia tatu, yeye mia mbili! Akanuna.

Kila asubuhi Mama alikwenda mtoni akiimba:

*Huku mwanangu, huku mwanangu,*
*katikati ni mimi.*

Kila mtoto alimsikia kutoka kwenye ua wake.

Chonge alipokwenda kuchimba mizizi, Kishungi akasogeza vigingi kuelekea kwa kaka yake. Asubuhi wimbo ukafifia. "Mama ana mafua," akasema. Akavisogeza tena. Wimbo ukawa kama mbu. Akavisogeza mara ya tatu. Asubuhi hiyo akatega masikio yote mawili, wapi!

Akamkimbilia Mama akilia. "Mama, umenitupa! Unamwimbia kaka peke yake!"

"Macho yangu yamechoka, mwanangu. Mimi nafuata vigingi tu. Nani kavihamisha?"

Kishungi akainamisha kichwa.

Mama akamkuna mgongo. "Pembe niliigawa sawa, kwa kuwa nawapenda sawa. Maji yakafuata ua. Wa mia sita, mia tatu. Wa mia nne, mia mbili. Kila mmoja nusu ya jasho lake. Sasa utakacho ni mto, au mimi?"

"Wewe, Mama."

Akavirudisha vigingi mwenyewe, kimoja kimoja. Kesho yake wimbo ukafika, akalia kwa furaha, mjinga yule.

Basi wanangu, mapenzi ya mzazi ni sawa kwa wote, lakini fungu hufuata jasho. Anayevuta la mwenzake hujisukuma mbali na mama.

Ngano yangu imefika mtoni. Mwenye kiu na ateke.