Kilichozikwa Golini

Palikuwa na golikipa mmoja, Semboja, mwenye meno machache na maneno mengi. Ligi ilipokwisha, tajiri wa timu yao, Shekalaghe, alishika panga la usajili: huyu aachwe, yule abaki. Zamu ya Semboja ilipofika, aliitwa ofisini.

"Umezeeka. Nusu mshahara, au uondoke."

"Basi naondoka, mzee," alijibu Semboja kwa upole. "Ila naomba ruhusa kesho nikafukue mzigo wangu pale golini."

Shekalaghe aliweka kikombe chini. "Mzigo gani?"

"Mambo ya watu wazima, mzee. Niliuzika msimu ule tulipoanza kushinda nyumbani."

"Mimi siamini mambo hayo," alisema tajiri, huku akiuchungulia uwanja dirishani.

"Hata mimi. Ila wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto wanayaamini sana, na wamenitaka."

Tajiri alijipangusa jasho. "Na ukiuacha hapo hapo?"

"Utataka mlinzi, mzee. Na mlinzi halindi kwa nusu mshahara."

Jioni Semboja alirudi nyumbani na mkataba wa misimu miwili, mshahara wote na nyongeza juu. Aliposimuliwa yote, mkewe alipiga vigelegele, kisha akanong'ona, "Baba Nasoro, kwani ulizika nini pale golini?"

"Bado sijazika," alisema Semboja, akikunja suruali. "Hebu nipe jembe na kile kibuyu kilichopasuka, niwahi kabla tajiri hajaenda kuchungulia."