Prosesa ya Kumzidi Jirani

Wapendwa, mtaa mmoja ulikuwa na wapiga video za harusi wawili, milango yao inatazamana. Huyu akifungua dirisha anaiona meza ya yule. Walijifunza kazi pamoja, wakaazimana kamera na waya, na siku ya kununua kompyuta za kuhariria walikwenda pamoja kwa mama mmoja muuza vipuri.

Mama yule aliwachagulia mazabodi mbili pacha. Wazee wangu wa mbele, msisinzie. Mazabodi ni ule ubao ndani ya kompyuta ambao kila kifaa kinakaa juu yake. Na prosesa ndiyo ubongo, kipande kidogo kama biskuti, nayo ina kiti chake kwenye ubao. Kiti kisipolingana haikai, hata uisukume kwa mfungo wa siku tatu. Basi mama akawaambia, "Wanangu, anzeni na prosesa ndogo. Kiti hiki kitapokea na zitakazokuja. Mkipata nguvu mtabadilisha ubongo tu, ubao unabaki."

Wakafanya kazi miaka miwili kwa amani. Halafu asubuhi moja huyu wetu akamwona mwenzake anarudi na kiboksi kiganjani. Kabla chai haijapoa, kompyuta ya yule wa ng'ambo ya barabara ilikuwa inamaliza kwa dakika kumi kazi ambayo ya kwake huikokota mpaka adhuhuri.

Jamani, wivu ukamshika. Bibi harusi akivuka barabara kuelekea mlango ule, yeye anamhesabu. Mwenzake akaja kupiga hodi kwa furaha, "Njoo uone kitu kinavyoruka!" Akajibu akiwa ndani, "Nina kazi, ndugu yangu." Na kazi hana! Amekaa anatazama ukuta. Nadhani humu ndani tupo tunaoufahamu ukuta huo.

Kesho yake yuko dukani.

"Mama, jirani yangu kachukua nini?"

"Prosesa ya kati. Na wewe yako ipo, ya namna ileile. Inakaa palepale."

"Sitaki ya namna ileile. Nipe inayomzidi."

Mama akavua miwani. "Inayomzidi ipo moja. Kwa leo ndiyo kubwa kuliko zote humu. Lakini haikai kwenye mazabodi yako, itabidi uing'oe ununue nyingine. Na nikwambie ukweli, kiti chake kimefika mwisho, za mwakani hazitakaa hapo. Kwani ni kazi gani hasa inayokushinda?"

"Inamzidi, haimzidi?"

"Mwanangu, nakuuliza kazi yako, wewe unanijibu habari za jirani."

"Mama, inamzidi?"

"Inamzidi."

Akaenda kuing'oa mazabodi yake, akairudisha dukani iwe sehemu ya malipo. Na kabla ya kutoka akamshika mama mkono: "Usimwambie. Asije akaniiga."

Mnacheka. Haya, chekeni, lakini mkirudi nyumbani mkaangalie vizuri mlichonunua mwaka huu, na mlikuwa mnamwangalia nani mlipokinunua.

Akaifunga mashine yake mpya, akaweka na pazia zito dirishani. Ilikuwa na kasi kweli, siwezi kumnyima haki yake. Akimaliza harusi moja anachungulia kwa pembe ya pazia: yule bado! Anacheka peke yake. Alikuwa ameshinda mashindano ambayo mwenzake hakujua kama yapo.

Mwaka ukapita. Zikaja kamera mpya, zenye picha nzito, na ile prosesa kubwa kuliko zote ikaanza kuhema. Akaenda dukani kuuliza kubwa zaidi. Mama akatikisa kichwa tu. Zilizotoka mwaka huo hazikuwa za kiti kile, na ubao mwingine hakuwa na uwezo nao. Nguvu yake yote alishaimaliza kumzidi mtu.

Siku hiyohiyo akasikia hodi. Safari hii mwenzake hakungoja jibu. Aliingia, pazia akalisukuma kando, na mikononi ana viboksi viwili.

"Ndugu yangu, dayosisi ina jubilei ya miaka mia! Siku nne, kamera sita. Wamenipa kazi mimi, nikawaambia siichukui bila mwenzangu. Malipo ya kwanza yote nimeyapeleka kwa mama, kumbe prosesa mpya zimetoka na zinakaa kwenye mazabodi zetu zilezile! Nimechukua mbili; mama alitaka kusema kitu, sikumngoja. Hii yako, nimeiandika na jina. Lete bisibisi, tunaanza keshokutwa."

Bisibisi ilikuwa mezani, mbele yake kabisa. Hakuigusa. Mwenzake akaichukua mwenyewe, akafungua kifuniko, akainama.

"Mazabodi yetu iko wapi?"

Mmesikia alivyosema? Hakusema yako. Alisema yetu.

"Niliiuza."

"Kwa nini?"

Angejibu nini, wapendwa? Wewe ungejibu nini? Aseme, niliiuza ili nikuzidi wewe uliyekuja na fungu langu mkononi? Akalia. Kazi ilihitaji mashine mbili zinazobeba picha nzito, pesa ya ubao mwingine hakuna, na siku zilikuwa hazipo. Kiboksi chenye jina lake kikaenda kwa mpiga video wa mtaa wa pili.

Sasa tujiangalie sisi. Tunaomba na kufunga kana kwamba Mungu ametusahau. Hajatusahau. Kitu kilikuwa kimeshanunuliwa, kimeandikwa jina, kimeletwa mpaka mlangoni. Kilichokosekana ni pa kukikalisha, na pahali hapo tulipang'oa kwa mikono yetu, siku tulipoacha kuuliza "Bwana, umeniitia kazi gani?" tukaanza kuuliza "Inamzidi, haimzidi?" Ndugu yangu, na kama baraka yako imepitishwa mikononi mwa huyohuyo uliyemfungia pazia? Utaipokeaje?

Tusimame tuombe. Na tukifumba macho leo, tufumbe kweli. Asiwepo wa kuchungulia jirani yake anaombewa nini.