Fisi, Mwalimu wa Kubana Pumzi

Hebu niacheni nipumue kwanza. Tangu asubuhi ni "Bibi tuhadithie, Bibi tuhadithie," kunde zangu hazijaambuliwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyegusa ungo. Haya. Nitasema mara moja tu. Na atakayeniuliza wanyama walijifunza wapi kusema, nitamtoa hapa na huu mwiko.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka matope yakapasuka kama visigino vya mtu nimjuaye. Mito yote ilikauka. Ikabaki chemchemi moja chini ya mlima, nayo ikaangukiwa na jiwe kubwa kama kibanda. Maji yalisikika yakigugumia huko chini, wa kuyafikia hakuna. Mama Paa alikuwa na mtoto wa wiki mbili, na kiu ilikuwa imemkausha maziwa. Siku ya kwanza mtoto alilia, ya pili akalia, ya tatu akanyamaza. Hapo ndipo mama alipoogopa.

Simba akaita mkutano. Huyo alizaliwa na kiburi. Hata akipiga chafya hugeuka kutazama nani ameona.

"Nitaling'oa peke yangu," akasema. "Nyinyi simameni pembeni mshangilie."

Akasukuma mpaka manyoya yakamsimama. Jiwe kimya.

"Mmeona?" akasema. "Limeniogopa mpaka limeganda."

Fisi akaona mwanya. Fisi mnamjua, tumbo lililoota miguu minne. Akajipitisha mbele, akakohoa kama mtu mwenye elimu.

"Bwana mkubwa, nguvu unazo, ila zinavuja. Unasukuma mdomo wazi! Pumzi ndiyo nguvu yenyewe, ukiitoa umeimwaga chini. Nipeni siku mbili niwafundishe kuibana. Kila mtu aje na kifurushi chake cha chakula, maana mazoezi yanataka shibe."

"Siku mbili?" Mama Paa akamaka. "Mwanangu hana siku mbili, Mwalimu."

"Basi asubuhi moja," akasema Fisi. "Ila vifurushi viwe vile vile."

Kulipopambazuka wakajaa uwanjani, kumi na mmoja kwa hesabu. Vifurushi vikapangwa nyuma ya kichaka. Fisi akatembea huku na huku, mikono nyuma, akifoka.

"Gogo begani! Chuchumaa! Vuta pumzi, jaza mashavu, bana! Sasa inuka! Atakayeachia hata kidogo ametuibia wote!"

Ngiri akabana. Macho yakamtoka, masikio yakamcheza, akaanza kupepesuka kama mlevi wa mnazi, kisha pu! Akalala kifudifudi, mkia juu.

"Amefika!" Fisi akashangilia. "Huo ni usingizi wa nguvu. Msimguse, nguvu inaingia!"

Halafu akazunguka nyuma ya kichaka, eti kukagua. Ngiri alipozinduka, akakuta viazi vyake havipo.

"Mwalimu, viazi vyangu?"

"Si umevila, ndugu yangu! Mwenye usingizi wa nguvu hula bila kujijua. Hebu jishike tumbo."

Ngiri akajishika. "Kweli bwana," akasema. "Nahisi kama nimeshiba."

Wajinga hawajapungua duniani. Mmoja baada ya mwingine walibana, wakaanguka, wakaamka na njaa, wakaambiwa wameshiba. Simba, kwa kuwa hakutaka kushindwa na Ngiri, alibana mara mbili zaidi, akaanguka ulimi nje, miguu minne juu. Alipoamka akajikung'uta mavumbi.

"Sikuanguka mimi," akasema. "Nilikuwa nasikiliza ardhi."

Ikafika zamu ya Sungura. Yeye alijaza mashavu ili aonekane tu, pumzi akaipitisha puani polepole, kisha akajiangusha kando ya kichaka na jicho moja wazi. Akamwona Fisi akimeza karanga zake pamoja na jani lililozifunga. Hakupiga kelele. Nani angemwamini? Na Simba angekubali vipi kwamba aliangushwa na uongo, mbele za watu?

Ila Sungura alikuwa na jambo lingine analolijua. Yeye ni mwizi wa pumba, kazi yake kunyemelea wanawake wakitwanga. Aliwaona wawili kwenye kinu kimoja, mmoja na mtoto mgongoni, wakipokezana michi tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na hakuna aliyezimia. Mchi ukipanda, wanavuta pumzi. Ukishuka, wanaitoa kwa sauti: hm!

Ilipofika mchana, wote wakakusanyika penye jiwe. Mama Paa amemlaza mtoto kivulini, shingo ya mtoto imelegea. Sungura akainua mkono.

"Mwalimu, wanafunzi tumebana wote. Wewe bado hatujakuona. Tangulia, nasi tukuige."

"Mwalimu hufundisha kwa mdomo," Fisi akajibu.

"Mimi nilibana hadharani," Simba akanguruma. "Wewe nani usibane?"

Fisi akashika jiwe, vifurushi kumi na kimoja tumboni. Akabana.

"Usiachie, Mwalimu!" Sungura akapaza sauti. "Ukiachia umetuibia wote!"

"Usiachie!" wakaitikia.

Mashavu yakavimba kama maboga. Tumbo likajaa, likang'aa. Pumzi ilipokosa njia ya juu ikateremka, ikakuta msongamano, ikatafuta mlango wa nyuma. Jamani! Ndege walihama miti. Ngiri aliyesimama nyuma yake alisikia upande mmoja tu mpaka kesho yake. Fisi akaanguka chali, akatapika vyote: karanga na jani lake, viazi vizima visivyotafunwa.

"Aa! Hivyo viazi si nilivila mimi?" Ngiri akauliza.

"Ulivila," akasema Sungura, "ila kwa tumbo la Mwalimu."

Simba akatoa makucha. Mama Paa akasimama katikati. "Bwana mkubwa, hukumu baadaye. Jiwe kwanza."

Sungura akawapanga. "Mkijiandaa, vuteni. Mkisukuma, itoeni, na sauti isikike, kama wanawake wakitwanga kinuni."

"Mimi nigune kama mwanamke wa kinu?" Simba akafura.

"Mwanamke wa kinu sijamwona ameanguka ulimi nje," Mama Paa akamjibu.

Simba akaegemeza bega kwenye jiwe. "Haya. Hesabuni."

Vuta... hm! Jiwe likatikisika. Vuta... hm! Likainama. Mara ya tatu Simba aliguna kuliko wote, maana hata kuguna lazima awe wa kwanza, na jiwe likabiringika mpaka bondeni. Maji yakaruka juu. Wakacheka, wakalowana, wakasukumana kama watoto wa chekechea. Mtoto wa Paa akanywa, akapaliwa, akakohoa, kisha akalia kwa sauti kubwa. Mama yake akacheza hapo hapo kwenye tope.

Ndipo Simba akamgeukia Fisi. "Kumi na mmoja umewalaza njaa. Mpaka mvua inyeshe, utampelekea kila mmoja kibuyu cha maji nyumbani kwake, kila asubuhi. Na mifupa ya mawindo yangu usiisogelee."

Mvua ilichelewa miezi minne. Vibuyu kumi na kimoja kila siku, kupanda mlima, bila mfupa hata mmoja. Na kila alipofika kwa Mama Paa akihema, mama huyo alimpokea mlangoni: "Toa pumzi, Mwalimu, toa. Usije ukanimwagia maji." Fisi akatoa pumzi, akatua kibuyu, akarudi kuchukua kingine.